Stimu, Nyapara na Kipande: Kumbukumbu za Kazi ya Reli Zikitazamwa kutoka Garissa

Msomaji anayeijua ramani ya Kenya ana haki ya kushangaa akiliona jina la Garissa katika makala yanayohusu kazi ya reli. Garissa haina reli, wala haijapata kuwa nayo. Katika enzi yote ya gari la moshi, tangu chuma cha kwanza kilipolazwa Mombasa mwaka 1896 hadi vichwa vya mvuke vilipozimwa moto karibu na mwaka 1980, mtu wa Garissa aliyetaka kuliona gari la moshi kwa macho yake hakuwa na budi kuuvuka Mto Tana, kisha asafiri mpaka Thika au ateremke mpaka Voi. Njia ya Thika ilifunguliwa mwaka 1913. Ikasogezwa hadi Nanyuki mwaka 1930, na hapo ikakoma. Upande wa mashariki na kaskazini, yaani Garissa, Wajir na Mandera, palibakia njia za ngamia, na baadaye za malori.

Tumeichagua Garissa kwa sababu hiyo hasa. Katika madarasa yetu ya historia ya Kiswahili kuna usemi unaorudiwa mno hata hauulizwi tena ushahidi: kwamba Kiswahili kilienea bara kwa misafara, kisha kwa reli. Sehemu ya kwanza ya usemi huo imechunguzwa vya kutosha. Sehemu ya pili imeachwa kama ilivyo, kana kwamba ni jambo la kuonekana kwa macho: reli ilitoka Mombasa, Mombasa ni mji wa Waswahili, basi lugha nayo ilipanda gari ikaenda Nairobi, Nakuru na Kisumu. Lakini ukitaka kujua dawa ilimponya mgonjwa kwa kiasi gani, humtazami yule aliyeinywa peke yake. Humtazama pia yule ambaye hakuinywa. Garissa ndiyo isiyoinywa dawa hiyo. Ikiwa reli ndiyo iliyokileta Kiswahili, Garissa ingetazamiwa kukosa alama zote za Kiswahili cha reli. Je, imezikosa? Jibu langu ni kwamba imezikosa alama za aina moja na kuzipata za aina nyingine, na tofauti ya aina hizo mbili inatuambia jambo ambalo hatukulijua vizuri kuhusu kazi ya reli yenyewe.

Kabla ya kufika kwenye maneno, tuseme machache juu ya kumbukumbu. Habari za kazi ya reli zilizoandikwa si haba. J. H. Patterson alichapisha mwaka 1907 kitabu chake juu ya simba wa Tsavo, na kutoka hapo simba wawili wakawa mashuhuri kuliko wafanyakazi wote waliolaza reli. M. F. Hill aliandika historia ya shirika lenyewe, ikatoka mwaka 1949. Tunajua kwa hesabu kwamba vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga njia, na kwamba kiasi cha 2,500 kati yao walifia kazini. Tunajua reli ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi Mei 1899 na ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa sasa Kisumu, Desemba 1901. Yote haya yameandikwa kwa Kiingereza na watu waliokuwa wakitoa amri au wakiweka hesabu. Yaliyosemwa kwa Kiswahili na watu waliopokea amri hizo hayakuandikwa ila kwa bahati.

Nilipokuwa Uingereza nikisomea shahada ya uzamili, nilikwenda siku moja mjini Manchester kuliangalia jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda. Humo mna kichwa cha gari la moshi cha aina ya Garratt kilichotumika Afrika Kusini, nacho kiliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya papo hapo Manchester, ile ile iliyoiundia Afrika ya Mashariki vichwa vyake vikubwa kabisa. Kumbukumbu za kampuni hiyo nazo zimehifadhiwa hapo. Nilisimama mbele ya lile jitu la chuma kwa muda mrefu, nikajiuliza swali ambalo wenzangu niliofuatana nao waliliona la ajabu: sehemu hii iliitwaje? Si kwa Kiingereza. Jina la Kiingereza lilikuwa limebandikwa. Iliitwaje na mtu aliyesimama ndani yake usiku, baina ya Voi na Mtito Andei, akisema na mwenzake?

Miaka kadhaa baadaye nilimpata wa kumwuliza, na nilimpata Garissa, mahali nisipotazamia kabisa. Ni mzee wa ukingo wa Tana aliyekwenda kutafuta kazi pwani akiwa kijana, akaandikwa kazi ya reli katika miaka ya 1960, akaanza kwa kuosha vichwa vya gari na kuishia kuwa mchocheaji moto. Sitalitaja jina lake, kwa kuwa hilo ndilo sharti alilolitoa kabla ya kuniruhusu kuwasha chombo cha kunasia sauti. “Mwalimu,” aliniambia, “andika kazi, jina liache.” Nami nilimwita mzee, ila pale wajukuu wa jirani yake Msomali walipokuwapo, ambapo sote tulijikuta tunamwita *adeer*, baba mdogo, kama wao.

Aliyonieleza juu ya kazi yenyewe yanafaa kuandikwa kwa urefu kidogo, maana msomaji wa leo huenda akadhani kuwa mchocheaji moto ni mtu wa kutupa makaa kwa sepetu. Ndivyo tuonavyo katika picha za Ulaya. Huku kwetu vichwa vya kwanza vililishwa kuni zilizokatwa kandokando ya njia, na baada ya Vita vya Pili mafuta mazito yakachukua nafasi. Vichwa vya daraja la 59, ambavyo mzee wangu alivitumikia, vilikuwa 34, vililetwa mwaka 1955 na 1956, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu uliozidi meta 31, navyo ndivyo vichwa vya mvuke vilivyokuwa vikubwa kupita vyote duniani katika reli za upana wa meta moja. Viwili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, vimehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi. Kiumbe kama hicho hakilishwi kwa sepetu. Mafuta hutiririka, mvuke wenyewe huyatawanya yakawa kama ukungu, na ukungu huo ndio uwakao. Kazi ya mchocheaji ni kukaa mkono juu ya vali, jicho kwenye saa ya mvuke, na jicho la pili, kama alivyosema mzee, nje dirishani kwenye moshi.

Moshi ndio uliokuwa kitabu chake. Moshi mweusi ulimaanisha mafuta yamezidi hewa: fedha za shirika zinapanda angani, na dereva atakasirika. Kutoonekana moshi hata kidogo kulimaanisha moto umepungua, na huko mbele kuna mlima. Uliotakiwa ni moshi wa rangi ya kijivu hafifu, “kama wa mama anayepika chai, si kama wa nyumba inayoungua.” Kila baada ya muda alichota mchanga mkavu kutoka ndooni na kuutupa ndani ya tanuru, mvuto wa hewa uliuchukua mchanga ule kwa kasi kupitia mirija, ukasugua masizi, na wakati huo moshi mweusi tititi ulitoka kwa dakika moja au mbili. Abiria waliokuwa mabehewani wakifunga madirisha hawakujua kwamba huo ulikuwa ni usafi.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilometa 530, na njia hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya meta 1,600. Safari ya gari la mizigo ilikuwa ndefu kupita nguvu za watu wawili, kwa hiyo walikwenda wawili kazini na wawili wakilala katika behewa lao lililofungwa nyuma ya kichwa, wakibadilishana zamu. Mzee alisema kulala humo kulikuwa kazi kuliko kazi. Alisema pia jambo nililoliona la maana kwa mada yetu: katika zile saa za zamu, mle ndani ya kichwa, palizungumzwa Kiswahili. Katika miaka yake ya mwanzo dereva aliweza kuwa Kalasinga, mchocheaji Mpokomo, gadi Mgoa na mgeuza njia Mtaita. Kabla ya hapo, hadi karibu na uhuru, madaraja ya kazi yalikuwa yamepangwa kwa rangi, na Mwafrika kukikalia kiti cha dereva katika njia kuu lilikuwa jambo la kupiganiwa.

Sasa maneno. Nilimwomba mzee anitajie kila kitu alichokishika kwa jina alilolitumia, nikapata orodha ya maneno yasiyofika mia mbili. Nilipoyapanga, yaligawanyika yenyewe katika mafungu mawili, na ningependa msomaji auone mgawanyiko huo kama nilivyouona.

Fungu la kwanza ni la mtambo na njia yake. Humo mna *kichwa*, *behewa*, *taruma*, *reli*, *stesheni*, *loko*, *gadi*, *fayamani* na mengineyo. Mengi ni ya Kiingereza, na hilo halishangazi. Yanayovutia ni yale yasiyo ya Kiingereza. *Behewa* katika Kiswahili cha zamani ni ua wa ndani wa nyumba ya mawe, mahali palipozungukwa na vyumba. *Taruma* ni kipande cha kutilia nguvu, kama zile mbavu zilizomo ndani ya chombo cha baharini, au vijiti vya mwavuli. Basi yule mtu wa pwani aliyeitwa kulaza reli alipoyaona magogo yamepangwa sambamba chini ya chuma, aliona mbavu za jahazi; alipoingia ndani ya gari, aliona nyumba ya Mji wa Kale. Hakuazima neno kwa kuwa alikuwa nalo. Nao Wahindi walichangia kuliko tunavyokumbuka. *Gari* lenyewe ni neno lao. Wagujarati huliita treni “gari la moto”, *aag-gaadi*, na siwezi kuacha kushuku kwamba *gari la moshi* ni ndugu wa jina hilo, lililozaliwa kambini ambako watu wa lugha hizo mbili walichimba tuta moja. Nyumba za kupanga safu za wafanyakazi, walizoziita kwa neno lao *landhi*, zimeacha alama jijini Nairobi hadi leo katika Landi Mawe na Barabara ya Landhies.

Jina hilo la moshi lilikwenda na reli. Waganda huita treni *eggaali y’omukka*, gari la moshi. Wakikuyu huliita *ngari ya mwaki*, gari la moto. Hizi si lugha zilizokaa pamoja na kushauriana. Zilichounganishwa nacho ni njia moja ya chuma. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kote huko watu waliliita gari kwa kile kilichoonekana kutoka mbali, moshi na moto, wala si kwa mvuke ulioliendesha. Mvuke walioujua ni wale waliokuwa ndani. Mzee wangu hakusema moshi hata mara moja alipotaja nguvu ya gari, alisema *stimu*. Stimu imepanda, stimu imeshuka, kichwa hakishiki stimu.

Upande wa Garissa, fungu hili zima halimo. Nimewauliza wanafunzi wangu watokao Garissa, Wajir na Mandera, wanaokisema Kiswahili vizuri, maana ya *taruma*; hakuna aliyeijua. *Behewa* wameisoma shuleni. Na Wasomali hawakulitafsiri lile jina la moshi kamwe. Treni kwao ni *tareen*. Ni jambo linaloeleweka tukikumbuka kwamba reli iliyokuwa na uhusiano na Usomali haikuwa hii ya kwetu bali ile ya Waitaliano, iliyotoka Mogadishu kupita Afgooye mpaka Villaggio Duca degli Abruzzi, mji uitwao sasa Jowhar, kilometa 114 tu, ambayo Waingereza waliing’oa baada ya kuiteka nchi hiyo mwaka 1941. Kwa hiyo kipimo chetu kimetoa jibu lake la kwanza: maneno ya mtambo hayakuenda ambako mtambo haukwenda.

Hapa niombe ruhusa ya kutoka njiani kidogo, maana kuna neno moja linaloukaidi mpango wangu. Lori ndilo lililokuwa gari la moshi la Kaskazini Mashariki. Ndilo lililobeba nafaka kutoka Thika, na mwanzoni mwa 1941 ndilo lililobeba jeshi lililotokea Garissa kwenda kuichukua Kismayu. Wasomali huliita *baabuur*. Neno hili limepitia Kiarabu, *babur*, na huko limetoka katika lugha za Ulaya ya kusini, kutoka jina la mvuke: *vapore* ya Waitaliano, *vapeur* ya Wafaransa. Lilikuwa jina la meli ya mvuke bandarini, kisha la mtambo wowote ujiendeshao. Basi kila mara mtu wa Garissa asemapo kuwa lori limefika, lori linalokwenda kwa dizeli na lisilojua mvuke, ametaja mvuke. Na Kiswahili cha Kenya kimefanya vivyo hivyo kwa mlango mwingine: *stima*, ambayo kwa mtu wa pwani ni meli, bara imekuwa umeme. Jioni moja tulipokuwa tukizungumza taa zilizimika mtaa mzima, na mtoto akapiga kelele nje kwamba stima imepotea. Mzee akacheka peke yake gizani. Alisema alipokuwa mdogo stima ikipotea ilimaanisha watu wamekufa maji. Hata ile *stimu* aliyoichunga kwa jicho kwenye saa ya kichwa imebaki, nayo vijana huitumia kwa ule msisimko wa kileo au wa miraa. Mashine ya mvuke haikufika Garissa, lakini jina lake limefika mara tatu, kila mara likiwa limesahau lilikotoka. Sidai kwamba hilo linaibomoa hoja yangu. Maneno hayo matatu yalikuja kwa bahari, kwa waya na kwa maskani, si kwa reli.

Turudi kwenye fungu la pili. Hili ni la kazi yenyewe kama mpango wa watu: nani anamwamuru nani, kwa muda gani, kwa malipo gani, kwa cheti gani. Humo mna *nyapara*, *kibarua*, *posho*, *kambi*, *zamu*, *kipande*. Maneno haya yote mzee aliyataja bila kuulizwa, na kwa sauti tofauti na ile aliyotajia sehemu za kichwa. Na haya, kinyume cha yale ya kwanza, Garissa inayajua yote.

Ni rahisi kuona kwa nini. Hakuna hata moja kati yake lililozaliwa na reli. *Mnyapara* alikuwa mkubwa wa sehemu ya msafara katika njia za pembe za ndovu, kabla ya chuma chochote kulazwa. *Posho* ilikuwa chakula cha wapagazi kilichopimwa. *Kibarua* ni barua ndogo: ile karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya siku ili aionyeshe wakati wa malipo, hata jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe, akawa yeye ndiye barua ndogo. (Sijapata lugha nyingine iliyosema waziwazi namna hiyo jinsi mwajiri anavyomwona mwajiriwa wake.) Reli ilipoanza mwaka 1896, iliukuta utaratibu wa msafara uko tayari na maneno yake, ikauchukua mzima-mzima. Aliyekuwa mnyapara wa wapagazi akawa nyapara wa tuta. Nasi tulioandika historia ya lugha tumeona watu wengi wakisema Kiswahili kando ya reli, tukasema reli imekieneza. Tumemsifu farasi kwa mzigo.

Utaratibu huo ulikuwa na miguu mingine zaidi ya reli. Garissa uliifikia kwa askari. Eneo lote la Mpaka wa Kaskazini liliwekwa chini ya sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902, kisha ile ya wilaya maalum ya mwaka 1934; mtu hakuingia wala kutoka ila kwa ruhusa. Serikali iliyoonekana huko ilikuwa ni ya kambi, na lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili kile cha jeshi la KAR kilichoitwa Kikeya, kifupi, cha amri, chenye nyapara wake na posho yake. Wenyeji nao hawakukaa kimya. Lile jina *dubas*, la polisi wa kienyeji wa wilaya hizo, ni la Kisomali, kutokana na kilemba chekundu, na maofisa wa Kiingereza walilitumia mpaka walipoondoka. Nyapara wa Garissa, basi, hakushuka kwenye gari la moshi. Alikuja kwa miguu nyuma ya ngamia wa mizigo, na wengi walimjua mara ya kwanza jela, ambako neno hilo lingali ni la mfungwa aliyewekwa juu ya wafungwa wenzake.

Tukikubali haya, hata historia ya upande wa reli yenyewe inabadilika sura. Kiswahili cha wafanyakazi wa reli hakikuwa kile walichokiletewa na mtambo. Kilikuwa kile walichokifanya wao kutokana na lugha ya amri. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, wa reli na wengine wa Mombasa waliacha kazi kwa pamoja, watu wa makabila na lugha mbalimbali, wakakutana kila siku kwenye uwanja wa mpira wa Majengo, nao wakaupa jina jipya: Kiwanja cha Maskini. Maskini katika Kiswahili cha zamani ni mtu wa kuhurumiwa na kupewa sadaka. Pale uwanjani liligeuka kuwa jina la watu wanaodai. Mwalimu wa maana za maneno angetaka mfano gani bora zaidi ya huo, na kwa nini haumo katika vitabu tunavyofundishia?

Limebaki neno moja, nililoliacha makusudi. *Kipande* ni sehemu ya kitu kizima. Kazini kilikuwa tikiti ya siku 30, ambayo nyapara aliitia alama kila siku; siku isiyotiwa alama haikuwako. Kisha serikali ikalichukua jina hilo kwa cheti cha kuandikisha wafanyakazi Waafrika kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, karatasi yenye alama za vidole ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning’inizwa shingoni. Mzee wangu hakukivaa yeye, bali aliwaona wakubwa wake kazini waliokivaa, na alionyesha kwa kidole chake pale kamba ilipopita shingoni.

Kando ya reli neno hilo limefifia likawa la mazoea; kijana wa Nairobi husema *kipande* akimaanisha kitambulisho chake, bila kukumbuka kijaluba. Garissa halikufifia. Hapo kipande ni kile ambacho mtu huulizwa kwenye daraja la Tana, na kwenye kila kizuizi cha barabara mpaka Thika. Baada ya uhuru eneo hili liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Mwaka 1989 serikali ilianza zoezi la kuwachuja Wakenya wenye asili ya Kisomali, na walioonekana ni raia wakapewa kadi ya ziada juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Kipande juu ya kipande. Wazee wa Garissa waliokuwa wakiuvuka mto kwenda Nairobi walisema wanakwenda Kenya, na wapo wasemao hivyo hadi leo. Wageni huucheka msemo huo wakidhani ni ujinga wa jiografia. Kwa mtu ambaye alama ya siku yake hutiwa na mwingine, ni usemi sahihi kabisa: Kenya ni pale panapoanza kutakiwa kipande.

Machi 2012 ulizinduliwa Lamu mradi wa ukanda wa usafiri ambao katika michoro yake imo reli ya kutoka Lamu kupita Garissa kwenda Isiolo na mbele yake. Reli hiyo haijalazwa. Itakapolazwa haitakuwa na moshi wala mvuke, na bila shaka itaitwa treni upande huu na *tareen* upande ule, na sioni kama *taruma* itafufuka. Nilipomwuliza mzee kama watu wa hapa watapata kazi, hakunijibu juu ya kazi. Aliuliza nyapara atakuwa nani.

Nina saa saba za sauti yake, na orodha ile ya maneno, ambayo sehemu yake ya mtambo naendelea kuilinganisha na ile ya wastaafu wawili wa Voi waliokuwa katika kazi ya kutengeneza njia. Hao hawakuwa ndani ya kichwa. Walikuwa chini, wakipigilia mataruma na kupisha gari lipite, na wana jina lao la moshi uliowafunika, ambalo mzee wa Garissa hakulijua.